Nyuki Hatangazi Asichokiona

(MUZIKI UNAINGIA, KISHA UNAPUNGUA)

Nyuki tunawajua kwa asali na kwa kuuma. Leo tuone wanavyopashana habari za chakula.

Nyuki akipata maua mazuri, hukumbuka upande lilipo jua, umbali aliosafiri na harufu ya maua yale. Akirudi mzingani, mle gizani, hucheza juu ya sega. Huenda mbele akitikisa kiwiliwili, hugeuka, kisha hurudia. Akipanda wima, anasema: elekeeni jua. Akiinama upande, wenzake hukata upande huohuo kutoka kwenye jua. Akitikisika kwa muda mrefu, maua yako mbali. Aliyeifumbua lugha hii ni Karl von Frisch wa Austria, akatunukiwa Nobeli mwaka 1973.

Sasa sikiliza vizuri. Wenzake wakishaifuata ngoma, hawaanzi kuicheza palepale. Hutoka, hutafuta, huonja. Wakirudi na chakula, ndipo nao hucheza. Maua yakikauka, ngoma hukoma. Na nyuki aliyeshambuliwa mauani, akimkuta mwenzake anatangaza mahali palepale, humpiga kichwa: acha, kuna hatari!

Sisimizi nao ni hivyo. Aliyepata chakula huacha harufu njiani anaporudi. Wanaofuata wakikipata, huongeza harufu. Kikiisha, hakuna anayeongeza, na harufu hupotea. Habari iliyopitwa na wakati hujifuta.

Kwetu kambini, habari iliyopitwa na wakati haijifuti. Hupita midomo kumi, na hakuna hata mmoja aliyeona. "Kesho kuna mgao." Mama anaacha mtoto mgonjwa, anapanga foleni tangu alfajiri, anarudi na gunia tupu. "Nyumbani kumetulia." Baba anafunga mizigo, anachukua watoto, anakwenda asikokujua.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukiletewa habari, uliza mambo mawili: Nani ameona kwa macho yake? Na ameona lini? Kama hakuna jibu, usiipeleke kwa jirani. Nenda kwanza kwa kiongozi wenu au kwenye ofisi inayohusika, ukaulize. Na wewe uliyeiona hatari, usinyamaze. Waonye wenzako mapema.



(MUZIKI UNAPANDA)