Mgongo Uliopinda Kidogo: Mazungumzo na Wazazi na Wahudumu wa Afya ya Jamii



Leo nazungumzia mtoto ambaye mgongo wake umepinda kidogo kuelekea upande, na viungo vyake ni legevu kuliko vya wenzake. Pengine ni mrefu kupita ndugu zake, vidole virefu na vyembamba. Msiyatenganishe mambo hayo. Mwili hushikwa pamoja na tishu unganishi: kano, ngozi, hata kuta za mishipa ya damu. Mtoto akizaliwa na hitilafu katika tishu hizo, kama ugonjwa wa Marfan au Ehlers-Danlos, pingili za uti wa mgongo hukosa kushikiliwa vyema, na mgongo unaweza kupinda anapokua.

Si uchawi, wala si mkoba wa shule, ingawa mkoba mzito huchosha.

Nyumbani, mtoto avue shati, asimame miguu pamoja, kisha ainame mbele mikono ikining'inia. Mtazame kwa nyuma. Upande mmoja wa mbavu ukiinuka kuliko mwingine, mleteni kliniki apigwe eksirei. Kati ya nyuzi 10 na 25 hivi, tunasema umepinda kidogo. Wengi wa kiwango hicho hufuatiliwa tu, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli. Ukizidi 25 na mtoto bado anakua, huenda tukazungumzia mkanda maalum wa mgongo.

Kwa mwenye Marfan, mgongo huweza kupinda kwa kasi zaidi, hasa anapobalehe. Kwa hiyo asikae mwaka mzima bila kuonekana. Miezi sita inatosha. Na tafadhali, asipelekwe kwa mkandaji avutwe au aalishwe mgongo. Kilicholegea hakihitaji kuvutwa.

Kinachonikosesha usingizi si mgongo, ni moyo. Katika Marfan, mshipa mkuu utokao moyoni huweza kupanuka kimyakimya, kisha ukapasuka. Ombeni moyo upigwe picha ya mawimbi ya sauti, na macho yapimwe pia. Maumivu makali ya ghafla ya kifua au mgongo ni ya kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo.

Mzazi mwenye Marfan, kila mtoto wake ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuurithi. Mkija, njooni na ndugu zake, na wewe mzazi upimwe.