Mpango Hauandikwi na Mtu Mmoja

(Mazungumzo kwa wanachama katika mkutano wetu wa mwaka)

Ndugu Mwenyekiti, Mkuu wa Shule, walimu wetu, na ndugu zangu tuliosoma hapa,

Nimeombwa nieleze habari za kazi yangu ya ujenzi, kwa kuwa leo mchana tutapitisha azimio la kujenga bweni. Mimi si msemaji. Shuleni nilisifika kwa jembe, si kwa mdahalo. Kwa hiyo nitasimulia kosa langu tu.

Mwaka 2021 Serikali ilitoa fedha za kujenga madarasa 15,000 nchi nzima, kutokana na mkopo wa kukabili UVIKO-19. Darasa moja la sekondari lilitengewa shilingi milioni 20, na kazi ilitakiwa iishe kabla ya Kidato cha Kwanza kufika Januari 2022. Utaratibu ulikuwa wa fosi akaunti, yaani shule yenyewe inanunua vifaa na kuajiri mafundi wa hapo hapo, bila mkandarasi. Mimi nilisimamia madarasa mawili kwetu Kibaoni, Mkoa wa Katavi.

Usiku mmoja nilijifungia, nikaandika ratiba: wiki hii msingi, wiki ile kuta, kisha lenta, kisha kupaua. Nikaibandika ukutani. Ilipendeza, ila aliyeielewa ni mimi peke yangu.

Dereva wa lori angeniambia kwamba mvua za Novemba zikianza, njia ya kwenda kuchota mchanga haipitiki. Ardhi ile nyeusi inameza tairi. Sikumwuliza. Wazee wangeniambia kwamba mvua hizo hizo zikianguka, kila mwenye nguvu yuko mbugani kwenye mpunga, na wa kusomba maji humpati. Sikuwauliza. Fundi wa kupaua alifika siku niliyompangia, akakuta kuta bado ziko kwenye lenta. Akangoja siku nne, akaenda zake. Januari watoto wa mikondo miwili walibanwa chumba kimoja, nami nilipopita dirishani nilitazama chini.

Baadaye nilisoma habari za Glenn Ballard na Greg Howell wa Marekani. Katika miaka ya 1990 walifuatilia kazi zilizoahidiwa kila wiki kwenye majengo mbalimbali, wakakuta zinazokamilika kama zilivyopangwa ni takriban nusu tu. Kumbe ugonjwa si wa Kibaoni peke yake! Dawa yao ni hii: anayeshika mwiko ashiriki kupanga wiki yake, na asiahidi kazi ambayo vifaa vyake havijafika.

Kazi iliyofuata, nyumba ya mwalimu, tuliianzia chini ya mwembe, mwezi Juni. Nilimwuliza kila mmoja: kabla hujaanza unahitaji nini, na kutoka kwa nani? Dereva akataka mchanga wote uletwe kabla ya Oktoba. Wazee wakapanga zamu za maji. Kila Jumamosi tulihesabu yaliyofanyika. Yaliyoshindikana tuliyatafutia sababu, hatukutafuta mchawi. Saruji ilipochelewa tulijua mapema, tukawahamishia mafundi kwenye milango na madirisha. Bati lilipigwa kabla ya mvua.

Sisemi kwamba vikao hujenga nyumba. Kikao cha kunywa chai nacho ni hasara. Nasema kwamba neno "siwezi" likisemwa mwembeni mwezi Juni halina gharama. Likisemwa juu ya jukwaa mwezi Desemba, limekwisha kula fedha.

Ndugu Mwenyekiti, rasimu ya azimio inataka bweni likamilike Desemba. Nimesoma majina ya kamati: wote ni sisi wa mjini. Hamna fundi, hamna dereva, hamna mlezi wa bweni, hamna hata mwanakijiji mmoja. Naomba tarehe tuiache wazi hadi tutakapoketi nao. Mchango wangu nimekwisha kumkabidhi Mweka Hazina, kwa hiyo msidhani natafuta njia ya kukwepa.