Simu na Mawimbi ya Jirani



Mwaka 2020 mtafiti Ian Beer, wa kikosi cha usalama cha Google kiitwacho Project Zero, alitumia takriban miezi sita kuichunguza iPhone. Simu hizo huwasiliana zenyewe kwa zenyewe, bila intaneti, ili watu warushiane picha. Ndani ya kiini cha mfumo endeshi palitengwa nafasi ya anwani 10 za vifaa. Ujumbe ulioleta zaidi haukukataliwa, bali ulimiminwa wote. Wauza viazi wanaijua lumbesa: kilichozidi gunia hufungwa juu kwa kamba. Hapa hapakuwa na kamba. Kilichozidi kilimwagikia kumbukumbu ya kando, na aliyeutunga ujumbe akaitawala simu. Mwenye simu hakubonyeza chochote. Ilitosha mshambuliaji awe karibu, mawimbi yanapofika. Beer alionyesha picha ikichukuliwa kutoka katika simu iliyokuwa chumba kingine.

Kampuni ya Apple iliuziba ufa huo kabla Beer hajautangaza, Desemba 2020, naye hakuona ushahidi kwamba wahalifu waliutumia. Lakini sasisho huilinda simu iliyolipokea tu. Wapo wanaoliahirisha kwa kuogopa kumaliza bando, hofu inayoeleweka; na wapo walionunua simu iliyokwisha tumika, ambayo mtengenezaji ameacha kuihudumia. Ndiyo hiyo yenye ada ya mtoto na akiba ya kikundi. Kabla ya kulipa, mnunuzi aombe kufungua mipangilio na kutazama kama simu bado inapokea masasisho ya usalama.