Bei ya pamba na moyo wa mkulima

Mwaka 2022 bei elekezi ya pamba nchini Tanzania ilikuwa shilingi 1,560 kwa kilo. Msimu uliofuata ikashuka hadi 1,060. Kwa mkulima wa Sapiwi, wilayani Bariadi, pengo hilo ni ada ya shule, ni mabati, pengine ni ng'ombe wa kulimia.

Je, aliyethubutu kupanua shamba jana atathubutu tena?

Mwaka 2011 watafiti Ulrike Malmendier na Stefan Nagel walionyesha kuwa Wamarekani waliopitia miaka mibaya ya soko la hisa walikwepa hisa kwa muda mrefu, na machungu ya karibuni ndiyo yaliyowagusa zaidi. Basi kumwita mwoga mkulima anayeacha pamba na kugeukia dengu na mtama ni kumwonea. Naye mkopeshaji, kabla ya kumhukumu mkulima anayeomba mkopo, amuulize kwanza misimu yake iliyopita ilikwendaje.