Dada Zetu Arabuni: Mkataba Kabla ya Ndege



Vijana wenzangu, wengi wetu hapa tuna dada, shangazi au jirani aliyeko Saudia, Qatar au Kuwait. Pesa zao zinalipa karo na kujenga nyumba. Kwa hivyo leo siji kukwambia usiende, maana sina kazi ya kukupa. Nataka tuulizane: ukishafika huko, nani anakulinda?

Wacha tuangalie Wafilipino. Februari 2018, mwili wa mfanyakazi wa nyumbani Mfilipino ulipatikana ndani ya friza, kwenye fleti iliyoachwa tupu Kuwait. Ulikaa humo zaidi ya mwaka. Rais Duterte akapiga marufuku kupeleka wafanyakazi. Watu wa ubalozi wakaenda wenyewe kuwatoa wasichana majumbani, na video zikasambaa. Kuwait ikasema mamlaka yake yameingiliwa, ikamfukuza balozi.

Lakini ona kilichofuata. Mei 2018 nchi hizo mbili zilitia saini mkataba: mwajiri asishike pasipoti, mfanyakazi awe na simu yake, apate siku ya kupumzika kila wiki.

Je, mauaji yaliisha? La. Januari 2023 Mfilipino mwingine aliuawa, mwili ukatupwa jangwani. Ufilipino ikawazuia tena wanaokwenda mara ya kwanza, Kuwait nayo ikasimamisha viza. Karatasi haimzuii mtu mbaya. Ila bila karatasi, serikali yako haina pa kushika inapokudai haki.

Tuje kwetu. Mwaka 2014 Kenya ilipiga marufuku kupeleka wafanyakazi wa nyumbani, 2017 ikafungua tena. Kisha kwa hesabu ya Wizara yetu ya Mambo ya Nje, Wakenya 89 walifariki Saudia mwaka 2020 na 2021. Mwaka huo huo wa 2021 Saudia ililegeza mfumo wa kafala, wafanyakazi wengi wakaruhusiwa kubadilisha mwajiri. Wa nyumbani wakaachwa nje. Na hao ndio dada zetu.

Najua kuna watakaosema: hiyo ni nchi ya Makka na Madina, msiikosoe. Ndugu yangu, Suratul Maida inaanza kwa kuwaamrisha waumini watimize mikataba. Mtume (s.a.w.) alihimiza mfanyakazi alipwe ujira wake bila kucheleweshwa. Dhulma haigeuki halali kwa sababu anayeifanya anaswali. Kuisema ni kuilinda dini.

Basi tufanye nini? Kwanza, kabla ya kumpa ajenti hata shilingi, hakikisha amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Pili, soma mkataba kwa lugha unayoielewa, na nakala yake na ya pasipoti ziachie mama nyumbani. Tatu, mkamate mbunge wako, baada ya swala ya Ijumaa au kwenye baraza, umuulize: serikali imekubaliana nini na Saudia kuhusu watu wetu, na mbona sisi hatuoni makubaliano hayo? Wafilipino hawakupewa bure. Walipiga kelele.

Nasi tupige. Dada anayelia chooni akificha simu hawezi kuandamana. Wewe unaweza.

Allah awarudishe wote salama. Amin.