Ute wa Chura na Mizani ya Chembe

Ketini karibu na redio, na kila mwenye daftari alifungue. Leo tutatumia hesabu ya kutoa, ile mliyokwisha kujifunza.

Wengi wenu mmewahi kumshika chura, nanyi mnajua jinsi anavyoteleza. Utelezi ule ni ute utokao katika tezi, yaani vifuko vidogo vilivyomo ndani ya ngozi yake. Watu wengine humchukia chura kwa sababu ya ute huo. Lakini sikilizeni kwanza kisa hiki.

Huko Marekani alikuwako daktari mtafiti, Bwana Michael Zasloff. Aliwatumia vyura wenye kucha katika miguu ya nyuma, ambao asili yao ni kusini mwa Afrika. Aliwapasua tumbo, akatoa mayai kwa uchunguzi wake, akawashona, kisha akawarudisha majini. Maji yale yalikuwa na vijidudu vingi. Mtu mwenye kidonda kibichi akikaa katika maji ya namna hiyo, kidonda huweza kuoza. Lakini vidonda vya vyura vilipona bila usaha. Bwana Zasloff akajiuliza, "Wanalindwa na nini?" Akatafuta katika ngozi yao, na mwaka 1987 akatangaza kwamba amepata vitu viwili vyenye kuua vijidudu. Akaviita magainini, kutokana na neno la Kiebrania lenye maana ya ngao.

Magainini ni katika jamii ya peptidi. Peptidi ni nini? Fikirini uzi wa shanga. Kila ushanga ni kitu kidogo sana kiitwacho asidi amino, na shanga hizo ziko za aina nyingi. Magainini moja ina shanga 23. Mpangilio wa shanga ukibadilika, kazi ya uzi huweza kubadilika pia. Nanyi mnalijua jambo hili katika kusoma: herufi za neno "kata" zikipangwa upya, huwa "taka".

Basi, wataalamu wa leo husomaje uzi usioonekana kwa macho? Sikilizeni hatua zake.

Kwanza, chura hupigwa sindano ya kuamsha tezi, au huguswa kwa umeme mdogo. Ute humtoka, naye huoshwa kwa maji kidogo. Hakuna haja ya kumwua. Maji yale hutiwa asidi upesi, kwa maana ndani ya ute mna vimeng'enya viwezavyo kukatakata nyuzi zetu.

Pili, maji hayo hupitishwa katika bomba jembamba lililojazwa unga laini. Peptidi nyingine hupita upesi, nyingine huchelewa, hivyo hutengana.

Tatu, hupimwa uzito katika mashine iitwayo spektrometa ya masi. Sisi tutaiita mizani ya chembe. Peptidi hutiwa umeme na kurushwa mahali pasipo hewa. Katika mizani ya namna moja, nyepesi hutangulia kufika na nzito huchelewa, na kwa kupima muda uzito hujulikana. Zamani ilikuwa vigumu kurusha vitu vikubwa namna hii bila kuvivunja. Bwana John Fenn wa Marekani na Bwana Koichi Tanaka wa Japani walivumbua njia za kufanya hivyo, na mwaka 2002 walikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Nne, uzi hukatwa vipande, na kila kipande hupimwa. Hapa ndipo pa hesabu yetu. Andikeni: glisini 57, alanini 71, serini 87. Hiyo ni mizito ya shanga tatu. Ikiwa kipande kimoja kina uzito wa 500, na kingine chenye ushanga mmoja zaidi kina 557, toeni. Jibu ni 57. Basi ushanga uliozidi ni glisini. Hivyo uzi husomwa ushanga baada ya ushanga, kama msomavyo neno silabi baada ya silabi.

Lakini jihadharini! Magainini ya kwanza ina uzito wa 2,410 hivi, na ya pili 2,467. Tofauti ni 57. Je, ya pili imeongezwa glisini? La! Zote mbili zina shanga 23. Shanga mbili zimebadilishwa, ule wa 10 na ule wa 22. Kwa hiyo uzito wa uzi mzima hautoshi. Sharti ukatwe na kusomwa. Tena ziko shanga mbili, lusini na isolusini, zenye uzito ule ule wa 113. Mizani peke yake haiwezi kuzitenga kwa uzito, na njia nyingine hutumiwa.

Na kujua jina la kitu si kujua kazi yake. Ni lazima peptidi ijaribiwe juu ya vijidudu, kisha ionekane kama haimdhuru mtu. Marhamu ya vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari ilitengenezwa kwa kufuata mfano wa magainini. Mwaka 1999 serikali ya Marekani haikuiidhinisha, kwa kuwa haikuonyeshwa kuwa inazishinda dawa zilizokuwako. Hata hivyo kazi inaendelea, maana vijidudu vingi vimezoea dawa zetu za zamani.

Kwa hiyo, ndugu zangu, msimpake mtu ute wa chura kidondani. Ute huo una vitu vingi vilivyochanganyika, na vingine ni sumu. Mwenye kidonda aende zahanati. Naye chura mwacheni aishi.

Maswali ya darasani:
1. Kwa nini ute hutiwa asidi upesi?
2. Vipande viwili vina uzito wa 900 na 971. Kipande kizito kimezidi ushanga mmoja. Ni ushanga gani?
3. Kwa nini uzito wa uzi mzima hautoshi?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.