Kulilaza Gari Kabla ya Masika

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wenye magari wengi hulikumbuka baada ya kuharibikiwa, nalo ni namna ya kulitengeneza gari kabla ya kulilaza. Hatusemi juu ya magari mapya ya mjini, yasiyolala hata siku moja. Twasema juu ya magari ya zamani ya petroli, na hasa malori ya shamba ambayo mafundi seremala wa Unguja waliyatia mapaa na viti vya mbao, yakachukua watu, muhogo na karafuu mpaka Darajani kwa miaka mingi.

Kupenda kuligeuza gari si jambo la kwetu peke yetu. Huko California, katika Marekani, kabla ya Vita Kuu ya Pili, vijana waliyatwaa magari ya Ford yaliyochakaa, wakayavua madigadi, na baadhi yao wakayatia injini ya silinda nane iliyotoka mwaka 1932, ili yakimbie mbio sana. Katika majimbo yao ya baridi, wenye magari kama hayo huyafungia ndani wakati wa theluji, kwa kuwa barabara humwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu, na chumvi hula chuma. Sisi hatuna theluji, lakini tunayo masika, kuanzia Machi mpaka Mei. Na chumvi hatumwagiwi na mtu, twaletewa na upepo wa bahari.

Mwaka mmoja sisi wenyewe tulilidharau jambo hili. Njia ya udongo ilipojaa maji tulilisukuma gari chini ya mwembe, tukalifunika turubali, tukaenda zetu. Mvua zilipokwisha, jirani yetu alishikwa na uchungu wa kuzaa usiku wa manane. Tulilikimbilia gari, nalo lilikuwa kama jiwe: betri imekufa, pistoni zimeshikamana na silinda kwa kutu. Mama yule alichukuliwa kwa kitanda mpaka barabara kuu. Alhamdulillahi, alifika salama na mtoto wake. Lakini aibu ile hatujaisahau. Gari lile halikuharibiwa na kazi. Liliharibiwa na kulala vibaya.

Basi yafaa kufanya hivi. Kwanza, litengeneze gari lingali linakwenda, wala usiseme, "Nitalitengeneza litakapoamka." Ila unayoisikia leo katika injini utakuwa umeisahau baada ya miezi mitatu. Zifungue plagi uzitazame, kwani plagi husema kweli. Ikiwa ncha yake ina rangi ya kahawia, injini inakula vizuri. Ikiwa na masizi meusi makavu, petroli ni nyingi au hewa ni haba. Tazama kabureta na chujio la hewa. Ikiwa nyeupe kama chokaa, injini inapata moto kupita kiasi. Zisafishe, kisha upime nafasi ya ncha zake na nafasi ya platini. Katika injini nyingi za zamani plagi hutaka kama milimita 0.6 au 0.7, na platini kama 0.4, lakini kila injini ina kitabu chake, na kitabu hicho ndicho cha kufuatwa.

Pili, badili oili. Wengi huona ni hasara kutia oili mpya katika gari lisilokwenda. Hilo ni kosa. Petroli inapoungua huzaa maji na asidi, navyo huingia katika oili. Ukiiacha oili chafu ndani, asidi hiyo itakaa miezi mitatu ikila vyuma vya injini. Iwashe injini mpaka ipate moto, uizime, umwage oili ingali moto ili itoke na uchafu wake, kisha utie mpya.

Tatu, lijaze tangi petroli mpaka juu. Tangi lenye nafasi huvuta hewa ya unyevu, na unyevu hugeuka maji. Kisha funga bomba la petroli, uiache injini iende mpaka ijizimie yenyewe, ili petroli isigande ndani ya kabureta kama gundi. Kazi hii ifanywe nje penye upepo, wala asisogee mtu mwenye sigara au taa ya moto. Injini ikipoa, fungua plagi, utie kijiko cha oili safi katika kila silinda, uizungushe injini kwa mkono mara chache, uzirudishe plagi.

Nne, toa betri. Ijaze umeme, uiweke juu ya ubao mahali pakavu, uijaze tena kila mwezi. Betri ikiachwa bila umeme hugandamana ndani, na mara nyingi haifufuki.

Tano, lioshe gari kwa maji ya kisima yasiyo na chumvi, hasa chini, na pale mbao zinapokutana na chuma, kwani ndipo maji hujificha. Likauke kabisa, kisha paka grisi penye chuma kitupu. Liinue juu ya magogo imara ili tairi zisibonyee, ulegeze hendibreki ili breki zisishikane. Ziba bomba la moshi kwa kitambaa, panya wasizae humo, na funga kitambaa kingine katika usukani kiwe ukumbusho wa kukitoa kile cha kwanza. Banda la makuti lenye kupitisha hewa ni bora kuliko turubali lililobana, kwa kuwa turubali huzuia mvua lakini hufuga jasho.

Mvua zikikatika, usiwe na haraka. Toa vitambaa, izungushe injini kwa mkono kwanza, ndipo uiwashe. Jaribu breki uwanjani kabla ya kupakia mtu hata mmoja.

Wasikilizaji wetu, kazi hizi zote ni za siku moja, na gharama yake ni oili, grisi na jasho. Wazee wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye gari kijijini hana gari la peke yake; siku ya haja, kijiji kizima humtazama yeye. Na lilazwe vizuri, ili siku hiyo likiitwa liitike.